Chapuchapu Hakimbii Tena

4 Februari

Mwanangu Chapuchapu,

Habari za huko uliko? Sisi hapa hatujambo, ila mgongo wangu umeanza kulalamika kwa kusimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu, na mama yako kile kikohozi kimemwacha. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nikipiga inaita mpaka inachoka yenyewe. Nimeona bora barua, maana barua haina kitufe cha kukatia.

Kuna jambo linanikera. Juzi muuza matairi alikuja kunyoa. Nikamfunga shuka shingoni, na kabla sijawasha mashine akasema, "Kinyozi, nimemwona binti yako. Yumo ndani ya mtaro, kavaa ovaroli, tope mpaka hapa." Akaonyesha kifuani. Nikamwambia umefananisha, duniani wawili wawili. Akasema, "Sikufananisha. Nimemwita Chapuchapu, akageuka, akanipungia spana." Nikamnyoa upesi kuliko siku zote ili aondoke.

Mwanangu, niambie hakuwa wewe. Binti aliyesimamisha mtaa mzima mbele ya televisheni yangu anatafuta nini mtaroni? Najua uliumia. Lakini kuumia si kufa. Kocha alikuja wiki iliyopita, akaniambia kano ya kisigino hupona, kinachobaki ni woga wa moyoni tu. Na Mwenyekiti wa klabu naye kaja. Mwezi wa Juni wanafungua uwanja mpya, wanataka wewe uongoze mbio za wanawake. Nimewaambia utakuja. Wamefurahi sana.

Jikaze kidogo, mwanangu. Mama yako anasema nisiandike hivyo, kwa hiyo ujue nimeandika mimi peke yangu.

Baba yako


15 Februari

Baba,

Shikamoo, na Mama nampa shikamoo yake peke yake, asichanganyiwe na yako. Nashukuru kusikia kikohozi kimeisha. Mgongo wako uwekee kigoda, unyoe umekaa, hakuna sheria inayokataza.

Muuza matairi hakufananisha. Ni mimi. Mtaro ule ulikuwa wa bomba kuu linaloingia shule ya msingi, na tope lile lilikuwa la haki, maana tulilitafuta wenyewe. Nipo chuo cha ufundi, nasomea ufundi bomba. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungeandika barua kama hii uliyoandika.

Nilipotolewa plasta, klabu iliniletea shada la maua na cheti cha shukrani. Maua yakanyauka, nikabaki na cheti. Nikakitazama, nacho kikanitazama. Baba, nimekimbia tangu nikiwa msichana wa shule. Sikujua kufanya kitu kingine chochote. Nikaenda chuoni kuuliza wana nafasi gani, wakaniambia ushonaji na mabomba. Nikachungulia darasa la ushonaji, watu wamekaa kutwa wameinamia cherehani, nikajua hapo nitakufa. Nikaenda kwenye mabomba. Siku ya kwanza nikaunga kipande kwa kipande, nikafungua koki, ikavuja ikanilowesha uso. Nikaunga tena. Nililala vizuri siku hiyo.

Sasa nisikilize. Nimeudhika. Umenikubalia mbio kana kwamba miguu hii umenipachika wewe. Asubuhi nikiamka nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta, mpaka kisigino kipate joto. Mtu wa namna hiyo ndiye unayemwahidi kwa Mwenyekiti. Usinifanye kichwa cha mwendawazimu, kila anayetaka kujifunza kunyoa anakuja kwangu. Wewe ni kinyozi, msemo huo unauelewa kuliko mimi.

Waambie siendi.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa ni wazima, tunakula, tunalala, tunaamka. Mgongo uko vilevile. Kigoda nimejaribu, nimeona masikio ya watu badala ya vichwa vyao, nikakirudisha.

Barua yako nimeipata na imeniwasha kama spiriti kwenye jeraha. Hivi mtoto anamwambia baba yake maneno ya mwendawazimu? Mimi sidharau kazi ya mtu. Kazi zote ni kazi. Lakini choo ni choo. Wenzako waliokimbia nawe, mmoja kafungua duka la nguo, mwingine anatangaza mpira redioni, watu wanamsikia sauti yake wakiwa mezani. Wewe watu wakikusikia, umeinama chini ya sinki lao. Na hapa dukani kila mtu anaulizia, Chapuchapu yuko wapi, Chapuchapu anarudi lini. Nimewaambia uko kambini unajinoa. Ningewaambia nini? Kwamba unazibua?

Kuhusu uwanja, jambo limeshafika mbali. Mabango yameshachapishwa. Picha yako ile ya utepe kifuani, kubwa kuliko mlango wangu, na chini wameandika kwamba Chapuchapu anarudi. Yamebandikwa mji mzima, na nasikia mpaka huko kwenu yamefika. Ukikataa sasa hutaniaibisha mimi peke yangu, utaaibisha na wao. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Si lazima ushinde. Zunguka tu, watu wakuone. Kocha anasema hata mizunguko miwili inatosha.

Mama yako anakusalimu. Amenyamaza tangu asubuhi, lakini najua angekusalimu.

Baba yako


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa kiwiliwili. Moyo usiuulize.

Mabango yamefika, ndiyo. Limebandikwa moja kwenye lango la chuo. Nilikuja asubuhi nimebeba mkoba wa vifaa, nikakutana na mimi mwenyewe nikicheka. Wenzangu darasani wakaanza, "Bingwa, tuachie spana zako ukienda." Hayo nayamudu. Lakini mwalimu wetu wa vitendo aliniita ofisini. Mwanamke mkali, mikono imejaa makovu ya moto wa kuunganishia. Akaniambia, "Nilikuwa nimekupanga kwenye lile jengo jipya la hospitali. Sasa naona unaondoka kwenda kukimbia. Nafasi nimempa mwingine. Ungekuwa na adabu ungeniambia mwenyewe, nisisome ukutani." Nikamwambia sijakubali, ni baba yangu. Akanitazama kama mtoto anayesema daftari limeliwa na mbuzi. Baba, nafasi ile niliihangaikia tangu nimeingia chuo. Umeinyoa na kuifagia nje pamoja na nywele za wateja wako.

Na kwa kuwa unamnukuu Kocha kila barua, ngoja nikueleze huyo Kocha wako.

Kabla ya mbio zangu za mwisho, daktari wa timu alinishika kisigino akasema kano imeanza kutatuka, nipumzike msimu mzima, la sivyo itakatika. Kocha alikuwa amesimama pale pale. Alisikia. Usiku huo nikakupigia simu nikakwambia kisigino kinaniuma vibaya. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema, "Jikaze, mwanangu, kesho duka litajaa." Asubuhi Kocha akaja na mtu nisiyemjua, mtu huyo akafungua mkoba, akanichoma sindano ya ganzi kisiginoni. Nilimwambia Kocha daktari amekataza. Akasema, "Daktari hakimbii." Nikaenda kukimbia nikiwa kama mtu aliyeazima mguu, nausikia unagonga chini lakini si wangu. Kwenye kona ya mwisho nikasikia kishindo, kama tawi kavu linavunjika. Nikageuka kuona nani amenipiga teke kwa nyuma. Hakukuwa na mtu.

Huo ndio woga wangu wa moyoni.

Nimemaliza. Sina la kuongeza, na sitaandika tena juu ya jambo hili.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Tupo.

Nimesubiri nikitegemea hasira itakupungua. Naona haipungui. Mimi pia nina yangu. Unamtupia mtu mzima tuhuma nzito. Kocha nimemjua kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ndiye aliyekuja hapa dukani akasema nikuruhusu, ndiye aliyekununulia viatu vya kwanza vya misumari. Mtu kama huyo hawezi kumchoma mtoto wa mtu sindano huku daktari amekataza. Labda ilikuwa dawa ya kutuliza. Labda hukuelewa. Ulikuwa na joto la mashindano.

Barua yako mama yako ameichukua. Anaisoma, anaikunja, anaiweka, anaichukua tena. Haongei nami. Chai ananiwekea, lakini anaiweka mbali, ninyooshe mkono.

Niandikie hata mstari mmoja, useme umekosea.

Baba yako


17 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Hukujibu ile ya Aprili, na sasa ninashukuru hukujibu. Ungejibu ungenitukana, na ungekuwa na haki. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu ambaye hajalala vizuri. Mama yako ni mzima, na chai ameanza kuisogeza karibu. Nitakueleza kwa nini.

Jumamosi Kocha alikuja kunyoa ndevu. Duka limejaa, muuza matairi yumo, mwalimu mstaafu yumo, na vijana wawili wanasubiri zamu. Nikamfunga shuka, nikampaka povu, nikafungua wembe mpya. Nikamaliza shavu la kushoto. Sikuwa nimepanga kumuuliza. Yalinitoka tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Kocha, siku ile binti yangu alichomwa sindano gani?"

Akasema bila hata kufumbua macho, "Ganzi tu, mzee. Kidogo."

"Na daktari alisemaje?"

"Madaktari wanasema nini siku zote? Apumzike. Ukiwasikiliza madaktari hukimbizi hata kuku."

Mwanangu, wembe ulikuwa hewani. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulijua kano inaweza kukatika?"

Akafumbua macho, akanitazama kupitia kioo, akacheka. Si kicheko cha mtu aliyebanwa, kile cha mtu anayemwelewesha rafiki yake. "Nilijua inaweza. Ingeweza pia isikatike. Mzee, usijifanye mgeni. Ningempumzisha, wewe ungepata wapi fedha za hiki kiti? Ungepata wapi ubao wa jina pale nje? Sote tumekula. Hata huyu ninaye sasa, binti wa Mama Mkaa, goti lake limeanza kelele. Lakini atakimbia ufunguzi wa uwanja, tena badala ya wako akiendelea na kiburi. Sindano mbili, basi."

Mashine ya kinyozi jirani ilikuwa inalia, nayo ikazimwa.

Nikaweka wembe chini. Nikafungua shuka, nikalikung'uta, nikamwambia, "Simama."

Akasema, "Bado upande mmoja."

Nikamwambia, "Huo kamalizie kwa mtu mwingine. Mimi mkono wangu leo una woga wa moyoni."

Akadhani natania. Nikashika kiti nikakitikisa mpaka akainuka. Akatoka nje vile vile, shavu moja linang'aa kama sahani, jingine lina povu na ndevu zake zote. Ukitaka kujua mtu anavyotembea kwa aibu, mtazame mwenye nusu ya ndevu anayetafuta kinyozi siku ya Jumamosi. Wa mtaa wa pili alimkataa, habari zilikwenda mbele yake. Wa sokoni alisema mashine imeharibika. Nasikia amemalizia kwake kwa mkasi wa karatasi.

Jumatatu Mwenyekiti akaja amevimba, akaniambia nimemdhalilisha mtu wa klabu, na kuanzia sasa hakuna mchezaji wao atakayeingia dukani kwangu. Nikamwambia anipe muda nikachukue ndoo. Nikachukua ndoo ya maji na kisu cha kukwangulia rangi, nikatoka mbele yake, nikaanza na bango la kona yetu. Nimezunguka mtaa baada ya mtaa. Ile gundi yao ni mbaya. Mama yako alinifuata na ndoo ya pili. Alikuwa ananiloweshea ukuta tu. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, na sisi tulitia maji wakati kichwa kimeshanyolewa.

Nimekwenda pia kwa mwalimu wako. Nilipanda gari alfajiri, sikukwambia, niliogopa utanirudisha. Alikuwa chini ya tanki, amelala chali. Nikajitambulisha, nikasema mimi ndiye mbuzi niliyekula daftari. Alichelewa kuelewa. Alipoelewa hakucheka, aliniuliza kwa nini nilidanganya watu kuhusu mtoto wangu. Nikamwambia kosa ni langu, si lako, nikaondoka.

Lililobaki ndilo linaloninyima usingizi. Nilikwenda kwa Mama Mkaa kumweleza habari ya binti yake. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono myeusi kiunoni. Nilipomaliza akasema, "Kinyozi, wewe wa kwako umeshamla. Mifupa umetupa. Sasa wangu anapanda, unakuja kuniambia nyama ni mbaya." Akanifungia mlango. Nilibaki nje natazama mbao, na kila neno alilosema ningelisema mimi, kwa sauti ile ile.

Mimi hanisikilizi. Wewe labda.

Baba yako


28 Mei

Baba,

Shikamoo wewe na Mama.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba akaamka kuniuliza nani amefariki. Kisha nikalia, kisha nikakasirika upya, yote kabla ya kupiga mswaki. Una bahati sikuwepo. Ningemnyoa mimi huo upande wa pili, kwa spana.

Lakini usidhani nusu ya ndevu inafuta kitu. Ulihitaji kulisikia kwenye kinywa chake ndipo uamini. Changu hakikutosha. Mimi ni mtoto wako wa kuzaa, yeye ni mteja. Ukae nalo hilo.

Mwalimu aliniambia kuna mzee alikuja. Hakuniambia zaidi, ila amenirudisha kwenye orodha ya hospitali, jengo la pili.

Nitakuja Jumapili. Usikusanye watu. Usimwambie muuza matairi, maana kumwambia yeye ni kama kutangaza redioni. Sitaki picha wala kupeana mikono. Nitafika kwa Mama Mkaa, nitazungumza na yeye na binti yake, nitakula na Mama, nitaondoka. Na wewe ukitaka kunisindikiza, utakaa nje.

Mwanao


24 Juni

Mwanangu,

Unaendeleaje huko? Umekula vizuri? Mama yako anasema mashavu yamepungua. Mimi nimeona mikono imekuwa migumu kuliko yangu, nilipoishika pale kituo cha mabasi. Sisi hatujambo.

Siku ile ulipotoka kwa Mama Mkaa ulinipita nimekaa kwenye gunia, ukaniambia, "Amekataa, twende." Nikaamini. Na ulikuwa na hasira kiasi kwamba ulitembea mbele yangu njia nzima, unachechemea na bado sikufikii. Lakini gunia lile lilikuwa mlangoni, nilisikia. Nilisikia ukimwambia, "Mama, shika hapa," na kiti kikasogezwa. Kisha yeye akauliza, "Mbona mfupa na nyama vimeachana hivi?" Wewe ukamwambia, "Gandamiza, siumii, hapo hakuna kitu." Sikujua kwamba hapo hakuna kitu. Nimekuwa baba yako siku zote, na sijawahi kushika kisigino chako.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kuondoka, maana najua hakuna atakayekuandikia.

Jana wamefungua uwanja. Bendera, kipaza sauti, wakubwa wamekaa kivulini. Mimi sikuingia, nilisimama nje ya uzio pamoja na wauza maji. Wakaita wanariadha wa kike mstarini. Wakaita jina la binti wa Mama Mkaa. Wakaita tena. Kocha akatoka anakimbiakimbia, akapanda pikipiki, akaenda mpaka kwa Mama Mkaa. Mwalimu mstaafu anakaa jirani, kaniambia alivyoona. Mama Mkaa alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kigoda, ndani binti amelazwa, goti limefungwa kitambaa cha maji baridi. Kocha akasema watu wanasubiri, wakubwa wanasubiri. Mama Mkaa akamwambia, "Waambie ni goti langu, nimelitoa mimi tumboni. Nimelificha." Kocha akaanza kupaza sauti. Yule mama akanyanyuka, akachukua koleo la mkaa, akaliegemea tu. Pikipiki ikageuzwa.

Mbio zilikimbiwa bila yule binti, mwingine akashinda, watu wakapiga makofi yale yale. Kocha bado ni kocha. Nilipeleka malalamiko kwenye ofisi ya chama cha riadha, karani akaniuliza mimi nina cheo gani katika michezo. Nikasema mimi ni mzazi. Akasema nafasi hiyo kwenye fomu haipo. Nitarudi tena wiki ijayo, na nikikuta bado haipo nitaichora.

Dukani wateja wamepungua, wa klabu hawaji. Waliobaki ni wenye nywele. Leo kijana mmoja mgeni ameniuliza, "Mzee, eti ni kweli Chapuchapu siku hizi anazibua vyoo?" akacheka pembeni. Nikamwambia, "Binti yangu ni fundi bomba. Anaunga maji ya hospitali." Akaacha kucheka. Lakini akaniuliza, "Anaunga vipi? Bomba linapandaje maji ghorofani, kwani halirudi chini?" Nikabaki na mashine mkononi. Sijui. Sijawahi kukuuliza.

Maji yanapandaje, mwanangu?

Baba yako


6 Julai

Baba,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Mimi mzima, mashavu yatarudi, mwambie Mama asitume chakula kwa dereva wa lori, kilifika kimechacha.

Nimefurahi kuhusu binti yule kuliko nilivyowahi kufurahia ushindi wangu wowote. Huyo karani usimwendee peke yako. Daktari wa timu nimempata, anafanya kazi hapa hapa hospitali, nilikutana naye ngazini nikiwa na bomba begani. Hakunitambua mpaka alipoona ninavyoshuka. Amesema atasimama kueleza aliyoyasema siku ile na nani aliyasikia. Nikipata ruhusa tutaenda sote watatu. Kocha akichoma mtoto mwingine, itakuwa wakati sote tunajua, na hilo siliwezi.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta neno fulani. Sikuliona. Labda hujui linaandikwaje. Bado nimekukasirikia, Baba, nisikudanganye, lakini sasa simu yangu ikiita nitapokea.

Umeuliza maji yanapandaje. Kuna pampu chini, inayasukuma mpaka tanki la juu darini, kisha yanashuka yenyewe kwa uzito wake kwenye kila sakafu. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, yanarudi chini. Kazi yetu ni kuhakikisha hayashuki mahali pasipotakiwa. Kila kiungo kikilegea, hata kimoja, mgonjwa wa chini analowa.

Jana tumemaliza mabomba ya wodi ya wazazi, ambayo ilishaanza kupokea wagonjwa. Mwalimu akaniambia nifungue valvu mimi. Nikapanda darini, nikaifungua taratibu, robo kwa robo, kama tulivyofundishwa, nikateremka nikasimama karibu na sinki la mwisho kabisa kwenye korido. Koki ikakohoa hewa, ikatema maji mekundu ya kutu, kisha yakaja meupe, yakaendelea kuja. Nikagusa viungo vyote kwa mkono mkavu. Mkono ukabaki mkavu.

Akapita mkunga mmoja ana haraka, amebeba vitu vyake. Akaweka chini, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akafunga koki, akaenda zake kwa mama aliyekuwa anaita. Hakunitazama hata kidogo. Hakujua kwamba juzi pale hapakuwa na maji.

Nilisimama pale nikisikiliza mpaka mtoto alipolia.

Mwanao